Jina, Nafsi na Wakati: Uhakiki wa Filamu ya Martha Marcy May Marlene

Ni nadra filamu kubeba hoja yake yote katika anwani. Martha Marcy May Marlene, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Mmarekani Sean Durkin, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2011 na kumpatia Durkin tuzo ya uongozaji. Majina yote yaliyomo katika anwani hiyo ni ya mtu mmoja. Mtazamaji aliyezoea filamu za mapigano na mbio anaweza kuilaumu kazi hii kwa mwendo wake wa kinyonga na kwa picha zake zilizofifia kana kwamba zimefunikwa na ukungu. Makala haya yanashikilia kwamba mwendo huo si pambo la fani, bali ndio maudhui yenyewe. Filamu inaonyesha jinsi binadamu anavyoporwa lugha ya kujitaja, na kwamba kuirejesha lugha hiyo ni kazi ngumu kuliko kutoroka.

Kisa chenyewe si kirefu. Msichana aitwaye Martha (Elizabeth Olsen) anatoroka asubuhi na mapema kutoka shamba moja katika milima ya Catskill, jimbo la New York. Hapo ameishi miaka miwili miongoni mwa wafuasi wa mtu aitwaye Patrick (John Hawkes). Dada yake, Lucy (Sarah Paulson), anamchukua hadi nyumba ya mapumziko kando ya ziwa katika jimbo la Connecticut, anakokaa na mumewe Ted (Hugh Dancy). Kuanzia hapo visa viwili vinakwenda sambamba: siku za Martha katika nyumba ya dada yake, na maisha ya shambani yanayorejeshwa vipande vipande. Martha hasemi alikokuwa. Anadai tu kwamba alikuwa na mpenzi, na hapo anaishia.

Suala la majina ndilo ufunguo. Patrick anapokutana na Martha kwa mara ya kwanza anaambiwa jina lake, naye anajibu kwamba yeye anamwona kuwa Marcy May. Neno hilo linatamkwa kwa upole, mithili ya zawadi. Hata hivyo, anayepewa jina bila kuliomba amekwisha kuambiwa kwamba lile alilokuja nalo halitoshi. Jina la Marlene ni la namna nyingine kabisa. Hilo hutumiwa na kila mwanamke wa shambani anapojibu simu, ili mtu wa nje asijue anazungumza na nani. Martha linampa mtu ukoo, Marcy May linampa bwana, na Marlene linamfuta.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawatashangazwa na jambo la mtu kubadilishwa jina. Katika upwa wa Waswahili kulikuwa na jina la utotoni na jina la ukubwani, na katika jamii nyingi za bara kijana aliyetoka jandoni aliweza kuitwa kwa jina jipya. Lakini jina la aina hiyo humfungulia mwenyewe mlango: humwingiza katika kundi pana zaidi la watu, na wazazi wake hulijua na kulitamka. Jina analolitoa Patrick hufunga mlango. Lucy hajawahi kulisikia, wala hawezi kumwita ndugu yake kwalo. Kwa hiyo tofauti baina ya desturi na utekaji haimo katika tendo la kutoa jina, bali katika swali la nani ameruhusiwa kulijua.

Maisha ya shambani yanaweza kuelezwa kwa sarufi ya Kiswahili kwa namna ambayo lugha ya filamu yenyewe isingeweza. Kitenzi chenye kiambishi hu- cha mazoea hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Mtendaji akitajwa, hutajwa nje ya kitenzi. Hivyo ndivyo shamba lilivyosawiriwa tangu mwanzo: hulima, hupika, hufua, hushona. Wanaume hula kwanza. Wanawake hungoja kimya, kisha nao hula. Nguo ni za wote na vyumba vya kulala ni vya wote. Hakuna anayesema nilifanya au nitafanya. Nyumba ya Lucy, kwa upande wake, hudai nafsi na wakati kila siku: ulikuwa wapi, unafanya nini, utaishi vipi? Ted anapomuuliza Martha kuhusu mipango yake ya maisha, mgongano unaozuka si wa tabia tu. Ni mgongano wa mtu anayezungumza kwa nyakati tatu na mtu aliyefundishwa kuishi bila hata mmoja.

Hapa ndipo fani inapoonyesha uzito wake. Mbinu rejeshi katika filamu nyingi hutangulizwa na ishara: picha hufifia, muziki hubadilika, au mhusika hukodoa macho mbali. Durkin ameziondoa ishara hizo. Martha huwa katika maji ya ziwa la dada yake, na mara maji yakawa ni ya kule shambani. Mtazamaji hulazimika kungoja kidogo kabla ya kujua yuko wapi, na katika kungoja huko huionja hali ya mhusika mwenyewe. Kamera ya Jody Lee Lipes husaidia kwa kukaa mbali na kutosogea upesi. Mapema katika kisa Martha anamuuliza dada yake wako umbali gani kutoka jana. Swali hilo lingeweza kupuuzwa kama kosa la lugha, kumbe ni maelezo sahihi ya mahali alipo.

Sehemu nzito kuliko zote ni ile inayohusu wasichana wageni. Martha alipoingia kundini alinyweshwa kinywaji chenye dawa, kisha Patrick akambaka. Baadaye mwanamke mwenziwe alimtuliza kwa kumweleza kwamba lililotendeka lilikuwa jema. Miezi ikapita, akaletwa msichana mwingine. Anayemtayarishia kinywaji ni Martha, na maneno anayompa yana sauti ileile ya kutuliza. Vivyo hivyo, anapogombana na Lucy anajiita mwalimu na kiongozi, sifa alizovishwa na Patrick. Filamu haimwachi mtazamaji apumzike katika huruma nyepesi. Aliyedhulumiwa amekuwa mkono wa dhuluma, na hakuvuka mpaka wowote ulio wazi kabla ya kufika hapo.

Hata hivyo kazi hii ina upungufu. Mafundisho ya Patrick yamechorwa kwa kalamu nyembamba mno. Zaidi ya maneno machache kuhusu mauti na hofu, mtazamaji hapewi imani ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuifia. Durkin amefanikiwa kuonyesha jinsi mtu anavyobakizwa, lakini jinsi anavyovutwa amekugusia tu. Aidha, Lucy na Ted, pamoja na nyumba yao kubwa na mazungumzo yao ya mali, wakati mwingine huelekea kuwa vielelezo tu vya tabaka lao.

Upungufu huo si mdogo kwa msomaji wa Kenya. Tangu Aprili 2023, ilipofichuka habari ya msitu wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu wameuliza bila kukoma: waliwezaje kufuata? Shamba la Durkin si Shakahola. Halina kanisa, wala halihubiri kufunga hadi kufa, na haifai kulazimisha mlingano. Lakini swali hilo, likiulizwa kwa kejeli, humchukulia mfuasi kuwa mjinga aliyeamua siku moja kujiangamiza. Filamu hii inalisahihisha. Inaonyesha kwamba hapakuwa na siku moja. Palikuwa na jina jipya, chakula kilichongojewa, nguo iliyoazimwa na neno la faraja lililosemwa na mwanamke mwenzake. Mwenye kutafuta uamuzi mmoja wa kulaumu hataupata, na jamii inayongoja kuuona ndipo itahadhari itakuwa imechelewa.

Mwisho wa filamu umewagawa watazamaji. Martha anapelekwa kutibiwa, mtu asiyejulikana anakatiza mbele ya gari lao, kisha anaingia katika gari lake na kuwafuata, picha inakatika. Je, ni mjumbe wa Patrick au ni mpita njia? Wapo watakaosema mwongozaji amekwepa kazi yake. Tafsiri yenye nguvu zaidi ni kwamba asingeweza kumalizia vingine bila kusaliti alichokijenga. Kujibu swali hilo kungekuwa kumpa mtazamaji wakati uliopita, yaani mambo yaliyokwisha. Martha hana bado njeo hiyo. Mpaka atakapoweza kumsimulia Lucy yaliyompata, kwa jina lake na kwa kauli ya nilitenda na nilitendwa, shamba litaendelea kumfuata, awe nyuma yake ana mtu au hana.