Mpango wa mwanafunzi mmoja, kwa kalenda ya Kilwa

“Mwanafunzi ataimarika katika stadi za kusoma.” Mpango binafsi wa elimu wenye lengo kama hilo hauna kazi. Hausemi mtoto atafanya nini, lini, wala nani atajua kwamba amefanya. Darasani, mwalimu anayemwona mtoto kila siku anaweza kuliziba pengo hilo kwa macho yake. Mtoto anayesomea nyumbani hana bahati hiyo. Anayekaa naye ni bibi au mama, na kile ambacho karatasi haikukisema, wao hawana pa kukipata.

Mpango binafsi wa elimu ulipata nguvu ya sheria Marekani mwaka 1975, ilipopitishwa Sheria ya Elimu kwa Watoto Wote Wenye Ulemavu. Baadaye zikaja shule za umma zinazojiendesha kwa mkataba, kuanzia jimbo la Minnesota mwaka 1991 na California mwaka uliofuata. Baadhi yake hufundisha watoto wakiwa nyumbani, na haki ya mpango inamfuata mtoto hadi huko. Mwaka 2017, katika shauri la Endrew F., Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba maendeleo ya kiduchu hayatoshi: mpango lazima umwezeshe mtoto kupiga hatua inayolingana na hali yake.

Tanzania haina shule za aina hiyo. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aandikishwe shule, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inalinda haki yake ya kusoma pamoja na wenzake. Kwa hiyo kusomea nyumbani hapa kuwe na maana moja tu: jina la mtoto limo kwenye rejista ya shule ya kijiji, na shule inamfuata alipo mpaka hapo atakapoweza kufika.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mvulana wa miaka 10 anaishi Kilwa Kisiwani. Ana mtindio wa ubongo, hatembei, na maneno yake yanaeleweka na watu wa nyumbani tu. Njia ya mchanga haipitiki kwa kiti cha magurudumu. Mwalimu wa elimu maalumu yuko Kilwa Masoko, ng’ambo ya maji.

Kazi ya kwanza ni kuandika anachoweza leo, na hapa ndipo mipango mingi huharibika. Fomu hujazwa majina ya ugonjwa na orodha ya yasiyowezekana: hasemi, hashiki kalamu, hatembei. Hayo hayamwelekezi mtu pa kuanzia. Mwalimu anayeuliza vizuri atagundua kwamba kaka zake humbeba hadi chuo cha Kurani jioni, na kwamba maalimu akikosea kwa makusudi aya ya sura fupi, mtoto hucheka. Maana yake anakumbuka vizuri anachosikia, na anatambua kosa. Huo ndio msingi wa kujengea: afundishwe kwa sikio, ajibu kwa macho. Kisha ipatikane tarakimu ya kuanzia. Akitajiwa silabi 20 moja moja, na kila mara akionyeshwa kadi mbili achague, anapata ngapi? Tuseme anapata 11. Kwa kadi mbili, kubahatisha tu kunaweza kumpa 10, kwa hiyo 11 inaonyesha kwamba bado hajazijua. Asiyelijua hilo ataandika kwamba mtoto amefika nusu ya safari.

Sasa lengo linaandikika: “Ifikapo mwisho wa Juni, akitajiwa silabi 20 alizofundishwa na kuonyeshwa kadi mbili kila mara, ataitazama iliyo sahihi mara 17 au zaidi bila kusaidiwa, siku tatu mfululizo.” Sentensi hii inataja mazingira, tendo, kiwango na muda. Kubwa zaidi, bibi asiyejua kusoma anaweza kuipima, mradi kadi zipangwe kwa jozi na ile sahihi iwekewe alama ya rangi nyuma, na mjukuu mwingine azitaje silabi. Akipata, kokoto moja inaingia kopo la kulia. Akikosa, la kushoto. Jioni makopo yanapigwa picha na kutumwa kwa mwalimu kwa simu.

Linalofuata ni huduma: nani, dakika ngapi, mara ngapi, kwa fedha za nani. Sheria ya Marekani inataka katika kikao cha mpango awepo mtu mwenye kauli juu ya rasilimali za shule, na sharti hilo linafaa kuigwa. Kikao cha mwalimu na mzazi peke yao kinaweza kukubaliana mambo mazuri ambayo hayana nauli. Mwalimu mkuu awepo, na ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri iweke sahihi yake kwenye gharama za mashua. Mazoezi ya viungo yaonyeshwe na mtaalamu hospitalini mara moja kwa muhula. Ya kila siku yaingizwe kwenye kuogeshwa na kulishwa, kwa kuwa hayo yapo hata pasipo mgeni.

Halafu kuna ratiba, ambayo ukanda huu hauwezi kuinakili popote. Wakati wa bamvua maji hukupwa sana kuelekea adhuhuri, na akina mama wengi wako mwambani wakitafuta pweza. Mwalimu akija saa nne asubuhi atamkuta mtoto na mdogo wake. Ziara zipangwe wakati wa maji mafu, ambayo nayo huja kila baada ya wiki mbili hivi. Kwa familia za bara ya wilaya, msimu wa ufuta na wa korosho huwapeleka watu shambani, kwa hiyo kadi na makopo visafiri nao. Na ziandikwe kazi za kuendelea nazo mwalimu asipofika: Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu eneo la Somanga, upande huu wote ulitengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Mapitio ya mwaka, yanayotakiwa na sheria ya Marekani, ni ya kuchelewa mno kwa mtoto anayeonwa na mwalimu mara mbili kwa mwezi. Kanuni nyepesi inatosha: ziara tatu mfululizo makopo yasipobadilika, kinachobadilishwa ni njia ya kufundishia. Labda silabi ni nyingi mno kwa mara moja, au zoezi linafanyika mtoto akiwa amechoka. Lengo lenyewe liguswe mwisho, kwa sababu ukishalishusha mara ya kwanza, kulishusha mara ya pili ni rahisi zaidi.

Mzazi anayeletewa fomu asaini anaweza kuupima mpango kwa maswali mawili tu: Nitajuaje kwamba mwanangu ameweza? Na nisipoona mabadiliko, mtafanya nini? Kama majibu hayamo kwenye karatasi, airudishe ikaandikwe upya.