Mazoezi ya Kinga si Tiba ya Viungo

Vyuo vikuu vya Italia hutoa shahada ya uzamili ya miaka miwili, krediti 120, iliyo katika daraja la LM-67. Jina lake, likifuatwa neno kwa neno, ni "sayansi na mbinu za mazoezi ya mwili ya kinga na yaliyorekebishwa".

Mfasiri mwenye haraka ataandika "tiba ya viungo". Hilo ni kosa lenye madhara. Sheria namba 36 ya Italia ya mwaka 2021 humtambua mhitimu huyu kuwa mtaalamu wa mazoezi. Tiba ya viungo ni taaluma ya afya yenye shahada yake. Ofisa wa ajira akiiamini tafsiri hiyo, aweza kumkabidhi mgonjwa aliyevunjika nyonga juzi, ilhali mhitimu alisomea kuwaongoza wazee, wenye kisukari na walemavu ambao hali zao zimekwisha kutulia.

"Kinga" haina ubishi. Taabu imo katika "yaliyorekebishwa". Kwa Kiswahili hurekebishwa kilichoharibika, na msomaji aweza kudhani kwamba mlemavu ndiye anayerekebishwa! Dhana yenyewe ni kinyume: zoezi ndilo linalomfuata mtu, kama mpira wa kikapu uchezwavyo katika viti vya magurudumu. "Mazoezi maalumu" nayo ni pana mno. Hata askari anayo.

Twapendekeza "mazoezi oanifu", kutokana na kitenzi oana, kama linganifu litokavyo katika lingana. Hadi istilahi hiyo izoeleke, jina la Kiitalia libaki kwenye tafsiri ya cheti.