Usikivu Unapopungua Upande Mmoja: Kazi ya Kisu Huanzia Kwenye Kipimo

Mtu wa Eastlands, Nairobi, akianza kupoteza usikivu, sababu huwa imeshatajwa kabla hajamfikia daktari. Kama ni makanga wa njia ya Kayole au Buruburu, watu watasema ni muziki wa nganya, matatu yake. Kama ni fundi wa Kamukunji anayekunja mabati na kugonga masanduku kutwa nzima, watasema ni nyundo. Mama anayeuza mboga Mutindwa ataambiwa ni umri. Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake, kwa sababu kelele huharibu masikio, na kando ya Jogoo Road hakuna uhaba wa kelele. Lakini upo ugonjwa unaojificha nyuma ya majibu hayo kwa miaka, na ukija kujulikana huwa umeshafika kwenye shina la ubongo.

Ugonjwa huo ni uvimbe unaoota kwenye neva ya nane ya kichwa, ile inayopeleka ubongoni habari za sauti na za usawa wa mwili kutoka sikio la ndani. Jina lake la kitabibu ni shwanoma ya vestibula. Vitabu vya zamani viliuita nyuroma ya akustika. Si saratani, na hausambai kwenda ini wala mapafu. Huanzia kwenye seli za Schwann, zinazoifunika neva kama ganda, na mara nyingi huota upande wa neva ya usawa badala ya ule wa kusikia. Ubaya wake wote unatokana na mahali ulipo.

Neva ya nane na neva ya saba hupita pamoja ndani ya mfereji wa mfupa wenye urefu wa takriban sentimita 1. Neva ya saba ndiyo inayoendesha misuli ya uso: kufumba jicho, kutabasamu, kuzuia chai isichuruzike pembeni mwa mdomo. Zikitoka kwenye mfereji huo, huvuka kipembe chembamba kilicho kati ya serebela na shina la ubongo, na shina hilo ndilo linalosimamia pumzi, mapigo ya moyo na kumeza. Uvimbe huanzia mferejini, na kwa wale ambao unakua, kasi ya kawaida ni milimita 1 au 2 kwa mwaka. Ukiwa bado mferejini, mgonjwa husikia mlio sikioni na usikivu wa upande huo hufifia. Ukijaza kipembe, anaanza kupepesuka gizani. Ukigusa neva ya tano, shavu linakufa ganzi. Ukilibana shina la ubongo na kuziba njia ya maji ya ubongo, huja maumivu ya kichwa, kutapika, na macho kupoteza nuru. Hapo ndipo wagonjwa wengi wa sehemu zetu hufika hospitalini kwa mara ya kwanza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Tunapenda kuusifu upasuaji wa ubongo, na unastahili sifa. Hata hivyo matokeo yake hutegemea sana ukubwa wa uvimbe, na ukubwa hutegemea ni lini mtu alipimwa masikio yake, kila moja peke yake. Hapo katikati ndipo mgonjwa wa Umoja au Dandora anapopoteza nafasi yake.

Tuanze na kelele yenyewe. Kelele ya kazini huharibu masikio yote mawili, kwa kiwango kinachokaribiana, na kwenye audiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, huacha bonde karibu na hezi 4,000. Dawa zinazodhuru sikio, kama sindano za streptomaisini walizodungwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu zamani, nazo kwa kawaida hudhuru pande zote mbili. Uzee ni vivyo hivyo. Uvimbe huu hufanya kinyume: unaua upande mmoja na kuuacha wa pili ukiwa mzima. Ni kweli dereva anayekaa dirishani miaka 20 anaweza kuwa na sikio moja bovu kuliko jingine. Lakini hiyo ni dhana, na dhana hailali kwenye faili ya mgonjwa mpaka ithibitishwe.

Dalili ya kwanza huonekana kwenye simu. Mtu aliyezoea kuiweka sikio la kushoto anajikuta ameihamishia la kulia bila kujua tangu lini. Ukimuuliza, atakwambia: nasikia, lakini sielewi. Maneno hayo ni ya kuandikwa. Neva inayobanwa inaweza bado kupitisha mlio, ila inashindwa kupitisha maneno kwa usafi, hivyo alama za kuelewa maneno huanguka kuliko audiogramu ya milio inavyoonyesha. Daktari anayepima milio tu, bila kumsomea mgonjwa maneno ayarudie, anaacha nusu ya ushahidi.

Mtaani, safari hufuata njia nyingine. Kizunguzungu huitwa presha, au taifodi, na kemisti hutoa vidonge. Sikio linasafishwa nta. Miezi inapita, kisha miaka, kwa sababu dalili zenyewe huja polepole na mtu huzizoea. Hakuna mzembe hapa. Mtu aliye kazini tangu saa kumi na moja alfajiri hapotezi siku nzima kwenye foleni ya rufaa kwa ajili ya sikio ambalo lina pacha wake anayefanya kazi.

Kipimo cha awali ni rahisi. Chuma chenye meno mawili, kinachotoa mlio wa hezi 512, huwekwa katikati ya paji la uso. Mgonjwa mwenye nta au usaha atausikia mlio zaidi upande mbovu. Mwenye neva iliyoharibika atausikia zaidi upande mzima. Chuma hicho hakitumii umeme na hukaa mfukoni. Baada yake huja audiogramu. Vigezo hutofautiana kati ya wataalamu, lakini pengo la desibeli 15 kati ya sikio na sikio tayari linatosha kumfanya mtaalamu atake picha.

Picha nayo ina mtego wake. Familia ikiambiwa itafute picha ya kichwa, huchagua CT kwa sababu ni nafuu kuliko MRI. CT huona mfupa vizuri, lakini uvimbe mdogo ulio mferejini huupita bila kuugusa. Ripoti inarudi safi, watu wanashukuru Mungu, na uvimbe unapata miaka mingine. Picha inayotakiwa ni MRI ya mfereji wa sikio la ndani. Ikipigwa na dawa ya gadolini, uvimbe wa milimita chache huwaka mweupe. Na kwa uchunguzi wa kwanza, MRI ya vipande vyembamba bila dawa hiyo mara nyingi inatosha. Jambo hili linapaswa kujulikana na kila anayeandika fomu ya rufaa, maana linapunguza gharama.

Je, ni watu wangapi? Katika nchi zinazoweka hesabu, kama Uingereza, wanaogunduliwa wamekuwa kati ya 1 na 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na idadi hupanda kadiri MRI zinavyoongezeka. Kwa upande wa Eastlands, sensa ya 2019 iliipa Embakasi wakazi 988,808, Njiru 626,482, Kamukunji 268,276 na Makadara 189,536. Jumla inapita milioni 2. Kwa kukadiria tu, hiyo ni watu 20 hadi 40 kila mwaka. Tupunguze, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda walio kati ya miaka 40 na 60 na Eastlands ni ya vijana. Bado wanabaki watu wa kutosha kujaza viti vya matatu moja kila mwaka.

Uvimbe ukishaonekana, si lazima ukatwe. Uvimbe mdogo mara nyingi hukaa miaka bila kukua, na njia ya kwanza ya haki ni kusubiri huku MRI ikirudiwa. Lakini kusubiri kunahitaji mtu anayeweza kuilipia picha ya pili na ya tatu. Njia ya pili ni mionzi inayolengwa kwa usahihi wa hali ya juu, ambayo Lars Leksell wa Stockholm aliiendeleza kwa mashine yake ya Gamma Knife mwaka 1968. Haiuondoi uvimbe, inauzuia kukua, na huwafaa wenye uvimbe usiozidi takriban sentimita 3. Nairobi haiko mbali na njia hii: Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, ina CyberKnife, mashine ya jamii hiyo. Anayechelewa hadi uvimbe upite kipimo hicho anaufunga mlango huu mwenyewe, au anafungiwa.

Inabaki njia ya tatu, kisu. Mgonjwa hupewa nusukaputi na kulazwa ubavu, kichwa kikiwa kimebanwa na pini kisitikisike. Zipo njia tatu za kuingilia. Moja hupita nyuma ya sikio, na mpasuaji huisogeza serebela taratibu. Ya pili hukata moja kwa moja ndani ya sikio la ndani: inaiona neva ya uso mapema, lakini inaua usikivu uliobaki, kwa hiyo hutumika pale ambapo hakuna cha kuokoa. Ya tatu hupita juu ya mfupa wa sikio, kwa uvimbe mdogo ambao mgonjwa wake bado anasikia.

Mfupa hutobolewa kwa keekee chini ya hadubini. Kisha unakuja uamuzi ulioigharimu dunia maisha mengi kabla haujaeleweka: hauvutwi uvimbe ukatoka mzima. Wapasuaji wa mwanzo wa karne ya 20 waliuchokoa kwa kidole, na wengi wa wagonjwa wao walikufa. Mpasuaji Harvey Cushing, katika kitabu chake cha 1917, alieleza namna ya kukomba uvimbe kutoka ndani na kuliacha ganda lake, na vifo vikashuka hadi takriban mmoja kati ya watano. Mpasuaji mwingine, Walter Dandy, akaenda mbele, akalitoa na ganda. Mwaka 1949 mtafiti aitwaye Atkinson akaonyesha chanzo kikubwa cha vifo vilivyobaki: mshipa mdogo wa damu unaopita papo hapo na kulilisha shina la ubongo. Ukiukata, umeliua shina. Katika miaka ya 1960 William House, daktari wa masikio wa Los Angeles, alileta hadubini na keekee, akafanya kazi bega kwa bega na mpasuaji wa ubongo William Hitselberger.

Kazi ya leo imejengwa juu ya hao wote. Uvimbe hukombwa ndani kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachousaga na kuunyonya. Ukishalegea, ganda lake hukunjwa kuelekea katikati, na neva ya uso hutafutwa. Kwenye uvimbe mkubwa neva hiyo huwa imetandazwa juu ya ganda, nyembamba kiasi cha kuonekana kama utando. Jicho halitoshi kuitambua. Sindano nyembamba huchomekwa kwenye misuli ya uso, na mpasuaji hugusa kila uzi kwa umeme mdogo. Mashine ikilia, hiyo ni neva, usikate. Saa zinapita, 6, 8, wakati mwingine zaidi ya 10. Na pale ganda linapokuwa limeng'ang'ania neva au shina la ubongo, mpasuaji mwenye hekima huacha kipande chembamba na kukifuatilia kwa MRI au mionzi. Zamani kuacha kipande kulihesabiwa kushindwa. Mimi nauona kuwa uamuzi mgumu na wa heshima kuliko yote, kwa maana uso wa mtu ni wa kuishi nao kila siku.

Kwa kufungia, mafuta huchukuliwa tumboni na kujazwa kwenye pengo la mfupa, maji ya ubongo yasivuje na kuleta homa ya uti wa mgongo. Kisha usiku katika chumba cha mahututi. Anayefika na maji yaliyojaa kichwani huenda akawekewa kwanza mrija wa kuyapunguza, na huo ni upasuaji mwingine kabla ya upasuaji.

Nairobi ina mizizi yake katika kazi hii. Katika miaka ya 1950 Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo, ndiye aliyekuwa akiwahudumia waliojeruhiwa kichwa katika Hospitali ya King George VI, ambayo sasa ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 1967 akaja Renato Ruberti kutoka Italia, akaanzisha kitengo cha upasuaji wa ubongo. Ndoa ya sikio na ubongo, ambayo uvimbe huu unaidai, ilikuwepo hapa tangu mwanzo.

Nyumbani, kazi haijaisha. Jicho lisilofumba vizuri hukauka, na vumbi la Outer Ring halisamehe. Linahitaji matone mchana na marhamu usiku. Mazoezi ya kutembea yanaanza mapema, maana sikio la ndani la upande wa pili linapaswa kujifunza kubeba usawa peke yake. Anayesikia kwa sikio moja hajui gari linatoka wapi, basi jamaa wamshike mkono anapovuka barabara, bila aibu.

Kwa Kaunti ya Nairobi na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya taifa ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ninaomba mambo mawili. Kila zahanati ya Eastlands iwe na chuma cha mlio na tabibu anayejua kukitumia. Na mtu yeyote mwenye usikivu uliopungua upande mmoja bila sababu iliyothibitishwa apimwe audiogramu, na pengo likionekana apate MRI, hata kama ni makanga, hata kama ni fundi wa mabati. Nawe msomaji, leo jioni zungumza na simu kwa sikio la kulia, kisha la kushoto. Maneno yakipotea upande mmoja, usiende kwa kemisti. Omba audiogramu. Kipimo hicho huchukua takriban nusu saa.