Uwanja na Chumba: Riwaya ya Choi In-hun na Taifa Lililokatwa Vipande Viwili

Makala haya mafupi yanakusudia kuihakiki riwaya ya Kikorea iitwayo Gwangjang, yaani Uwanja, iliyotungwa na Choi In-hun na kutolewa kwa mara ya kwanza katika jarida moja la Seoul mwezi Novemba 1960. Huenda msomaji akauliza: taarifa ya masomo ya Kiswahili inatafuta nini Korea? Tunajibu kwamba fasihi linganishi haina mpaka, na kwamba mwaka 1960 si mwaka mgeni kwetu. Ndio mwaka ambao Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, na Katanga ikatangaza kujitenga tarehe 11 Julai. Hatudai kwamba historia hizi mbili ni sawa. Tunadai tu kwamba msomaji wa hapa ana haki ya kulisikiliza kwa makini swali la Choi: mtu mmoja hufanywa nini na nchi inayomlazimisha kuchagua upande?

Kwanza tuyakumbuke mazingira ya riwaya. Mwezi Agosti 1945, Japani iliposhindwa, Marekani na Umoja wa Kisovieti ziligawana rasi ya Korea kwa mstari wa digrii 38 za latitudo, nao Wakorea wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1948 zikazaliwa dola mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo Korea halisi. Vita vilivyoanza tarehe 25 Juni 1950 vilisimamishwa tarehe 27 Julai 1953 kwa mapatano ya kijeshi tu. Mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo. Walipobadilishana mateka, Wakorea 76 walikataa Kaskazini na Kusini pia, wakapelekwa India kwa meli mwaka 1954. Hicho ndicho kiini cha riwaya. Mwandishi naye aliyajua mambo haya kwa mwili wake: alizaliwa Hoeryong, kaskazini kabisa, na mwaka 1950 alivuka kwenda Kusini pamoja na wazazi wake vita vikiendelea.

Mhusika mkuu, Yi Myong-jun, ni mwanafunzi wa falsafa Seoul. Baba yake amehamia Kaskazini na sauti yake husikika katika redio ya huko. Kwa sababu hiyo polisi wa Kusini wanamkamata kijana na kumpiga. Anamwacha mpenzi wake Yun-ae na kuvuka mpaka. Huko Kaskazini anakuwa mwandishi wa gazeti, lakini anapoandika juu ya umaskini aliouona kwa macho yake anaamrishwa kujikosoa mbele ya wenzake. Kimbilio lake ni Un-hye, mcheza dansi. Vita vinamrudisha Seoul akiwa na cheo, kisha vinampeleka mstari wa mbele, ambako Un-hye, sasa muuguzi na mja mzito, anauawa. Myong-jun anatekwa, anachagua nchi isiyofungamana na upande wowote, anapanda meli ya kwenda India, na kabla ya kufika anajitupa baharini.

Muundo wa fikra katika riwaya hii umejengwa juu ya taswira mbili: uwanja, ambapo watu hukutana na kuamua mambo ya wote, na chumba cha faragha, ambamo mtu huwa yeye mwenyewe. Kusini, kwa maoni ya Myong-jun, kila mtu amejifungia chumbani na uwanja umeachiwa wezi. Kaskazini kuna uwanja mtupu, wenye mabango na makofi, lakini hakuna chumba. Ubora wa taswira hizi ni kwamba zinampa mwandishi kipimo kimoja cha kupimia pande zote mbili. Tukumbuke kwamba kipimo hicho kisingeweza kutumiwa waziwazi kabla ya Aprili 1960, wanafunzi walipouangusha utawala wa Syngman Rhee. Na Mei 1961 wanajeshi walikwisha kutwaa madaraka. Riwaya ilipita katika mlango uliofunguliwa kwa muda mfupi.

Wengi wetu, tunapozungumzia vita vya wakubwa, hukimbilia methali isemayo kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Tunaona kwamba riwaya hii inaikataa methali hiyo, na hapo ndipo penye uzito wake. Katika matoleo ya kwanza, Myong-jun anaporudi Seoul na jeshi la Kaskazini, anamtesa kijana wa familia iliyomlea, ambaye sasa ni mume wa Yun-ae. Aliyepigwa katika chumba cha polisi amejifunza kupiga. Nyasi hazikuumia tu. Zilipewa fimbo, zikaitumia. Methali inawaondolea watu wadogo dhambi zote, na kwa njia hiyo inawanyima pia utu wa kuwajibika.

Hata hivyo, hatuwezi kuisifu riwaya bila kuikosoa. Usawiri wa wanawake ni dhaifu. Yun-ae na Un-hye hawafikiri mbele yetu. Wao ni vyumba ambamo Myong-jun hujificha uwanja unapomshinda. Udhaifu huu unagusa mwisho wenyewe. Melini Myong-jun anafuatwa na shakwe wawili. Katika toleo la 1960 ndege hao ni mfano wa wanawake wawili aliowapenda. Katika toleo lililosahihishwa la 1976, shakwe ni Un-hye na binti ambaye hakuzaliwa. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini linageuza maana ya kifo. Hapo kwanza Myong-jun alikufa kwa sababu hakuna nchi duniani iliyomtosha. Baadaye anakufa kama mtu anayerudi kwa familia yake. Kwetu sisi, mwisho wa pili ni mzuri zaidi kwa sikio na hafifu zaidi kwa hoja, kwani unatuliza palipostahili kubaki na kidonda. Lakini tumtendee haki mwandishi: yule mtoto asiyezaliwa ndiye kizazi ambacho mpaka ulikizuia kuwako, na huenda Choi, baada ya miaka kumi na sita ya kungoja, hakuona tena njia nyingine ya kumtaja.

Kama mwanaisimu, naomba kuongeza neno moja. Kikorea kilikuwa na neno dongmu, maana yake rafiki, hasa wa utotoni. Kaskazini ikalifanya neno hilo kuwa jina la kuitana wanachama. Kusini wakaanza kuliogopa, wakashika chingu badala yake. Watanzania nao walilipa neno ndugu kazi ya siasa, lakini hakuna aliyelazimika kuacha kumwita nduguye ndugu. Korea ilipoteza zaidi: itikadi mbili ziligombania neno la watoto, na watoto wa Kusini wakalikosa. Tangu 2005 wanaleksikografia wa pande zote mbili walianza kazi ya kamusi ya pamoja, na kazi hiyo imekwama mara kwa mara kwa sababu za kisiasa.

Kwa kuhitimisha, Uwanja si riwaya inayotufundisha upande gani ulikuwa na haki. Choi In-hun alifariki mwaka 2018, na mpaka alioukuta ujanani bado upo. Alichotuachia ni onyo: nchi inapomwuliza mtu swali lenye majibu mawili tu, hata jibu la tatu huweza kuwa mlango usiofunguka popote. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada ya tasnifu waisome katika tafsiri ya Kifaransa, kisha waigeukie fasihi yetu wenyewe na kuuliza ni nani kati ya waandishi wetu ameandika juu ya mtu aliyekataa pande zote, na kwa nini.