Nyanya Zote Beseni Moja

Mliokuwapo siku ya kugawana mbegu mliona. Meza ya nyanya ilikuwa imepangika, kila mwanachama na bahasha yake ya kaki, hadi kamati ilipoamua kumimina bahasha zote kwenye beseni, ikakoroga kwa mkono na kugawa kwa kijiko, eti kila mtu apate sawa. Hapo ndipo kazi ya msimu mzima ilipoharibiwa.

Nyanya hujichavusha yenyewe. Ukipanda Tanya mita chache kutoka kwenye Money Maker, mbegu za Tanya kwa sehemu kubwa hubaki Tanya. Huhitaji kuhangaikia umbali kama kwenye maboga. Bustani ilitutunzia usafi wa aina, sisi tukauvuruga mezani. Aliyepokea kijiko chake sasa ana Tanya, ambayo ni fupi, na Money Maker, inayorefuka hadi isimikiwe miti na kupogolewa, zote kitalu kimoja, na miche ikiwa midogo huwezi kuitofautisha. Apande kwa nafasi ipi? Akate miti mingapi?

Humo humo zimo mbegu zilizokamuliwa kwenye matunda ya F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza. Kizazi kinachofuata cha F1 hutawanyika, kila mche na tabia yake. Nimeandika hapa mara nyingi kwamba F1 isikanyage meza ya kugawana, na leo naandika tena.

Kuna suala la magonjwa pia. Virusi vya batobato huweza kukaa kwenye ganda la mbegu. Bahasha yenye ugonjwa ikibaki peke yake, utaifuatilia hadi bustani ilikotoka na kuizuia msimu ujao. Ikishakorogwa na nyingine, utamuuliza nani?

Usafishaji wenyewe sina neno nao: nyanya zilivundikwa siku mbili tatu hadi ute ukaachia, zilizoelea zikamwagwa, nyingine zikaanikwa kivulini. Mchicha ulipepetwa vizuri.

Bibi zetu walining'iniza mahindi ya mbegu juu ya meko yapate moshi, kunde wakazitia majivu, na kila aina ikawa na kibuyu chake. Ukienda kuomba mbegu ulipewa na jina lake, na ukaambiwa inapenda udongo gani. Hawakuvichanganya vibuyu ili majirani wapate sawa. Usawa uliotafutwa na kamati ulikuwa rahisi kuupata: fungua bahasha moja, igawe mafungu, kila fungu liandikwe jina la aina, kisha fungua inayofuata. Ni kazi ya saa moja zaidi, na watu walikuwapo.

Waliopokea vijiko wapande nyanya za kula tu, wasikamue mbegu humo. Mwenye akiba ya mbegu nyumbani, isiyopitia beseni, ailete kabla ya vitalu vya masika, bahasha ikiwa na jina la aina, bustani ilikotoka na mwezi wa kuvuna. Mwenyekiti atangaze ugawaji mpya.