Kifunga Mdomo Kilivuliwa Mapema Mno

Mliokuwapo uani asubuhi ile Mkokotoni hamhitaji kusimuliwa mbio zenyewe, mbwa akimfukuza mtetea. Zilikwisha kabla mtu hajapaza sauti. Yule mbwa mgeni mwenye damu ya greihaundi alifanya alichozaliwa kukifanya. Aliyekosea ni aliyemvua kifunga mdomo, tena kosa lisilo na utetezi.

Hoja yake tunaijua. Usiku kucha mbwa alilala barazani, paka wa nyumba kajikunyata karibu yake, wala hakuna aliyemgusa mwenzake. "Kashazoea," akasema. Kumbe alichokiona ni paka aliyelala. Mbwa wa asili hii huwinda kwa macho kuliko kwa pua, na kinachomwamsha ni kiumbe kinachokimbia. Barazani hakikuwapo. Uani alikuwapo mtetea na vifaranga vyake, wametolewa kwenye tenga mapema. Amani ya barazani haikuthibitisha lolote kuhusu uani.

Na mbwa mwenyewe alitoa taarifa. Kumbukeni alivyosimama kabla ya kufunguliwa: shingo imenyooka, masikio juu, mkia umekakamaa, macho hayabanduki kwa mtetea. Aliitwa, aliitwa tena, sikio halikutikisika. Mbwa akifika hapo anageuzwa kwa kamba na kuondolewa, basi. Mwenzetu aliuona ukimya ule akauita utulivu. Akavua kifunga mdomo, kisha akafungua na kamba. Mtetea akapapatika mara moja tu. Greihaundi akikolea hukaribia kilomita 70 kwa saa; uani kwa watu pana nafasi gani ya kumwahi?

Kilichomponza ni huruma: eti mbwa anateseka. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kifunga mdomo cha kikapu kinamwacha mbwa aheme na anywe maji. Kinachomzuia ni kung'ata. Nimelisema hili kwenye safu hii na nitalirudia.



Wasasi wa zamani wa Unguja wasingefanya vile. Wazee waliokwenda porini kusaka nguruwe na paa walirudi na mbwa wao vijijini, penye kuku kila upenu, na mbwa alikaa kwenye kamba mpaka bwana wake aridhike naye. Walijua kwamba hata Suratul Maida, aya ya 4, inayohalalisha windo lililokamatwa na mnyama, inamtaja mnyama aliyefundishwa. Mbwa wa msasi aliondoka kwa amri. Huyu wetu hakuwahi kufundishwa amri hata moja, akapewa uhuru wote kwa mkupuo.

Wanaolea mbwa wa mashindano huko nje nao wanalijua hili. Uwanja wa mbio wa Macau ulipofungwa mwaka 2018, zaidi ya greihaundi 500 walihitaji makazi. Florida nako mbio zilikoma mwisho wa 2020. Wanyama waliokimbiza chambo maisha yao yote hawakabidhiwi hivi hivi kwa mwenye paka. Hupimwa kwanza wakiwa wamefungwa mdomo na kamba mkononi, na aliyefaulu ndani ya nyumba hupimwa upya nje.

Sasa nasikia mbwa anataka kufukuzwa. Huo utakuwa uonevu juu ya uzembe. Arudishiwe kifunga mdomo na kamba, kuku wabaki tengani mbwa anapotolewa, na mafunzo yaanze mwanzo, kwa majuma na si kwa usiku mmoja. Ikiwa baada ya hapo macho bado hayabanduki, atafutiwe nyumba isiyo na kuku wala paka. Wapo mbwa wasioweza kuishi nao, na anayewapenda huamua hivyo mapema, kabla damu haijamwagika.