Kalamu ya Kuluva

Mama aliyemleta mtoto mwenye taya lililovimba hakuja kuhojiwa. Alikuja mwanawe apone. Lakini katika hospitali ya Kuluva, kusini kidogo ya mji wa Arua, miaka ile ya 1960, mtoto hakupimwa tu akaachwa. Mzazi aliulizwa wanakaa wapi hasa, na uvimbe ule waliuona lini kwa mara ya kwanza. Majibu yakaandikwa. Kazi hiyo ya kuuliza na kuandika ndiyo ninayoisifu hapa, maana katika tiba sifa huenda kwa mwenye kisu na mwenye hadubini, na mshika daftari hakumbukwi.

Daftari la Kuluva lilikuwa chini ya Dk. Ted Williams, mmisionari kutoka Uingereza aliyefanya kazi pale kwa miongo kadhaa pamoja na ndugu yake Peter, naye pia daktari. Jina linalojulikana duniani ni la mwenzao wa Kampala, Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine wa namna ile ile, na safari hii uvimbe ulikuwa umeshika tumbo pia. Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonigusa: alirudi Mulago akafungua mafaili ya watoto waliokwisha kutibiwa. Humo akakuta kwamba waliokuwa na uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mahali pengine mwilini. Maradhi yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa mengi yakawa saratani moja. Uvumbuzi ule ulikuwa umelala kabatini, umeandikwa na watu waliokuwa hawajui wanaandika nini.

Oktoba 1961 Burkitt, Williams na daktari wa tatu, Cliff Nelson, walitoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakaenda hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto kama huyu pichani? Walikwenda wiki 10, wakapita hospitali zaidi ya 50. Williams ndiye aliyelitunza gari njiani. Waliporudi walikuwa na ramani. Saratani ile ilifuata nchi za joto na mvua, ikatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Ramani, hata hivyo, husema wapi tu. Lini, haisemi. Hapo ndipo daftari la Kuluva, wilayani West Nile, lilipopita ramani ya bara zima. Mwaka 1967 Williams, pamoja na mtaalamu wa takwimu Malcolm Pike na B. Wright, alichapisha hesabu za watoto wa wilaya hiyo waliougua kati ya 1961 na 1965. Walichukua wagonjwa wawili wawili na kuuliza: waliokaa jirani, je, waliugua pia kwa nyakati zilizokaribiana kuliko inavyotarajiwa kwa bahati tu? Jibu likawa ndiyo. Kwa saratani, hilo lilikuwa jambo la kushangaza, kwa kuwa liliashiria maradhi yanayoletwa na kitu kinachopita kijijini, kisha kikaenda zake.

Hebu fikiri hesabu ya namna hiyo inamtaka nini mwandishi. Mzazi amesahau tarehe. Mstari uko wazi, foleni ni ndefu, na mkono unajaribiwa kuandika Januari 1. Ukifanya hivyo kwa watoto kumi, umewafanya wote waugue siku moja, na mtaalamu wa takwimu aliye London ataona mlipuko ambao haukuwapo kamwe. Kuacha nafasi wazi ni kazi. Kuuliza tena, kwa njia nyingine, kama ilikuwa kabla ya mvua au wakati wa kuvuna, ni kazi kubwa zaidi, na hakuna anayeiona. Kwangu mimi, uaminifu wa kazi uko hapo kabla ya kuwa popote pengine.

Ubora wa kumbukumbu zile ni miongoni mwa mambo yaliyofanya West Nile kufaa kwa utafiti uliofuata. Kati ya 1972 na 1974, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, likifanya kazi na wataalamu wa Uganda, lilichukua damu ya watoto wadogo wapatao 42,000, likaihifadhi na kungoja. Wakati huo kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 ndani ya vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Uganda, kilikuwa kinashukiwa. Lakini je, kilitangulia saratani au kilifuata nyuma yake? Ripoti ya mwaka 1978 ilieleza habari za watoto 14 miongoni mwao waliougua baadaye. Damu yao ya zamani ilipofunguliwa ilionekana kwamba wengi walikuwa na kingamwili nyingi mno za kirusi hicho miezi mingi kabla ya kuugua. Fikiria kumtambua mtoto mmoja kati ya elfu tatu, miaka imepita, na kujua kwamba chupa hii ni yake na si ya jirani. Bila jina lililoandikwa sawasawa, damu yote ile ni maji mekundu.

Na walioandika hawakuwa na nadharia sahihi. Burkitt mwenyewe aliwahi kudhani kwamba mdudu fulani hubeba kirusi cha saratani kutoka mtoto hadi mtoto. Sivyo ilivyokuwa: kirusi chenyewe hupatikana kwa watu karibu wote duniani, na kinachohusishwa na mbu ni malaria inayodhoofisha kinga ya mtoto. Upande wa Mara Kaskazini, Tanzania, watoto walipewa klorokwini kuanzia 1977 ili kulipima jambo hilo. Ugonjwa ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, na watafiti wakayasema yote mawili. Nadharia ya mdudu imekufa. Tarehe na majina ya vijiji bado vinafaa.

Wapo wanaoona daftari ni ubaridi wa moyo, kwamba mwenye huruma angemshika mama mkono badala ya kushika kalamu. Sikubaliani nao. Mpasuaji aliyekata taya za watoto wale na kuona uvimbe ukirudi alikuwa na uchungu wa kutosha. Uchungu huo ndio uliomsukuma kujaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache. Lakini nani ajuaye kwamba mtoto amepona? Yule aliyeandika kwao ni wapi, akaweza kumfuata.

Vita vya 1979 na kisasi kilichofuata viliwakimbiza watu wa West Nile kwa malaki kwenda Sudan na Zaire, na familia nyingi hazikuwapo tena mahali daftari liliposema zipo. Swali la makazi halijawahi kuwa rahisi huku, na Koboko ndiko lilipo gumu kupita kote. Nchi tatu zinakutana karibu na mji huo. Mkakwa, mwenyeji wa huku, ana shangazi Kongo, shamba Uganda na kaburi la babu Sudan Kusini, na kambi ya Lobule imejaa waliokimbia kutoka Kongo. Nesi anayeandika "Koboko" tu kwenye mstari wa makazi ameandika kweli isiyosaidia mtu. Anayeuliza mtoto alilala wapi miezi sita iliyopita, upande gani wa mpaka, na nani anamlea sasa, anachelewesha foleni kwa dakika tatu. Apewe dakika hizo, na kalamu yenye wino, na mshahara wake kwa wakati.